TAHADHARI: Anayeuza "mtambo wa kugeuza picha" ni tapeli

Jamani, siku ya tatu leo sijalala, na aibu inaniuma kuliko hela. Zile picha zangu za mabegi, zilizopigwa kwa kamera ya mbele hadi maandishi yakatoka kinyume, zote 1,400, zimeharibika. Na aliyeziharibu nilimlipa mwenyewe.

Alinionyesha skrini yake tukiwa hewani. Akaweka picha ya birika, mdomo uko kulia. Akabonyeza, mdomo ukahamia kushoto. Akaweka nyingine, na nyingine, zinageuka papo hapo. Akasema mtambo huo, yaani programu ya kompyuta, ameuandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu, miezi minane ya kukesha, kila pikseli inapigiwa hesabu upya. Mpole, anajibu ujumbe hata usiku wa manane, akieleza jambo unaona kabisa mtu ameisomea kazi. Wewe ungemkatalia? Nikalipa. Wala si nusu, nililipa yote!

Nikaielekeza programu hiyo kwenye folda ya picha zangu, ikamaliza kabla sijainuka kitini. Nafungua picha ya kwanza: begi limelala ubavu. Ya pili, limelala. Zilizosimama nazo ukizikuza, kingo za herufi zimejaa vumbivumbi. Natafuta picha za mwanzo, hakuna. Imehifadhi juu ya zile zile! Mikono ilinitetemeka nikashindwa hata kushika kipanya.

Rafiki anayejua mambo haya akaifungua programu yenyewe. Mistari saba. Inaita Pillow, mkusanyiko wa bure wa msimbo wa Python wa kushughulikia picha ambao yeyote anaupakua, kisha amri moja ya kugeuza kushoto kuwa kulia, ImageOps.mirror, basi. Miezi minane iko wapi? Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, zikaweka alama ya jinsi ya kuisimamisha ndani ya EXIF, yaani maelezo yaliyofichwa kwenye faili la picha. Namba 6, kwa mfano, ni kuizungusha robo kwenda kulia. Yeye alama hiyo hakuisoma, na kwenye kuhifadhi ikapotea. Na Pillow hiyo hiyo ina ImageOps.exif_transpose, amri inayosoma alama hiyo na kuisimamisha picha, mstari mmoja tu ungetosha! Ubora wa JPEG, aina ya faili la picha linalobanwa, pia hakuutaja, na usipoutaja Pillow inahifadhi kwa 75, chini ya ubora wa juu, ndiyo yale vumbivumbi.

Dalili zilikuwepo, sikuziona. Picha za majaribio zote zilikuwa zake, yangu alikataa hata moja. Msimbo eti ni siri. Kunakili folda kwanza hakunitajia kabisa. Nilipomlalamikia akasema simu yangu ndiyo mbovu, kisha akanizuia.

Mtu huyu akaunti zake zifungwe zote, leo! Arudishe hela ya kila aliyemlipa, na polisi apelekwe, maana najua bado anaendelea, jana tu kabandika tena tangazo lenye birika lile lile. Mazungumzo yote ninayo, risiti ninayo. Kama na wewe alikuuzia, niandikie faragha, tupeleke mashtaka pamoja.