Darasa la Jumamosi Ngamiani: uchumi mdogo, kunde na moshi wa jenereta

Nimelipa shilingi 90,000 kwa mkupuo na nimekaa Jumamosi sita kwenye viti vya watoto wa shule ya msingi, magoti shahidi. Kwa hiyo nina haki ya kusema. Kozi ni ya uchumi mdogo, ule wa mnunuzi, muuzaji na kiwanda kimoja kimoja, si ule wa bajeti ya serikali, na namna unavyotumika kwenye matatizo ya mazingira. Inafundishwa kwenye chumba cha kupanga huku Ngamiani, Tanga mjini, katika hizi barabara zetu za namba. Jina la kituo sitalitaja, maana lawama ninazo na mwenye kituo tunasalimiana kila siku.

Mimi ni muuza samaki. Alfajiri nipo mnadani Deep Sea, mchana nakaanga, jioni nauza. Pia ni katibu wa BMU yetu, kile kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za bahari, na hilo ndilo lililonipeleka darasani. Kila semina tunaambiwa uvuvi wa mabomu una gharama kwa jamii. Sawa, tumesikia. Hesabu yenyewe hakuna aliyewahi kuniwekea mezani.

Nianze na mabaya. Siku ya kwanza mwalimu alichelewa dakika arobaini. Makabrasha yote ni ya Kiingereza na fotokopi unalipia mbali, jambo ambalo hukuambiwa ulipokuwa unalipa ada. Mifano ya mwanzo ilikuwa ya tufaha na piza, hapa Tanga, penye machungwa ya Muheza kila kona. Wiki ya pili akaandika ubaoni "gharama ya pembezoni". Tukanakili wote kwa adabu. Aliyethubutu kuuliza ni nahodha mmoja mstaafu, mkubwa wetu darasani: "Mwanangu, pembezoni mwa nini?"

Kijana akababaika kidogo, kisha akanigeukia mimi. Nikamwambia: ndoo ya kwanza na ya pili nakaanga kwa mafuta yale yale. Ndoo ya tatu inataka nifungue dumu jipya na nimtafute mtu wa kunishikia jiko. Kila siku swali langu ni hiyo ndoo ya tatu tu, itanirudishia au itanila. "Ndiyo hiyo hiyo, mama!" Akafuta ubao, akaandika "gharama ya ndoo ya mwisho", na tangu hapo darasa zima liliiita hivyo hadi siku ya mtihani. Hapo nampa maksi zake. Ni kijana msikivu.

Wiki ya tatu alikuja na bakuli la kunde. Kunde 40 ndiyo bahari, watu wanne ndio wavuvi. Kila mmoja anachota anachotaka, kinachobaki kinaongezwa maradufu, ila bakuli halizidi 40. Masharti: msisemezane. Raundi ya kwanza tulitoa 34, dereva wa bajaji akichota kwa mikono miwili bila haya. Zikabaki 6, zikawa 12, raundi ya pili tukazimaliza. Jumla kunde 46, bahari nyeupe. Kisha akaturuhusu kuongea. Nahodha hakuchukua hata dakika: "Tano tano." Wanne mara tano ni ishirini, zinabaki ishirini, zinarudi arobaini. Tulicheza raundi kumi, tukavua kunde 200, na bakuli bado limejaa alipotuambia basi.

Akatueleza kwamba Scott Gordon wa Kanada aliliandika hili mwaka 1954, akizungumzia uvuvi hasa: bahari isiyo na mlango, chombo kimoja kikipata faida, kingine kinaingia, na kingine, hadi wote wanabaki kuvulia gharama zao tu. Nikawakumbuka wenye mashua wetu wanaorudi na samaki wa kulipia mafuta na barafu, kisha wanagombana wao kwa wao kama vile mwenzao ndiye aliyewaibia. Nimelia na hilo miaka mingi bila kulijua jina.

Mada ya mifuko ya plastiki niipite haraka, kwa sababu naye aliipita haraka. Ayalandi mwaka 2002 waliweka tozo ya senti 15 kwa mfuko na matumizi yakashuka kwa takriban asilimia 90. Sisi tulipiga marufuku kabisa kuanzia 1 Juni 2019. Lipi bora? Aliahidi tutajadili. Hatukujadili. Mimi niliyekuwa natoa rambo bure kwa kila samaki nilikuwa na mengi ya kusema siku ile.

Wiki ya nne pekee ilitosha 90,000 zangu. Alianza na mkonge, na hapo akawa amefika nyumbani kwetu. Katika jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Kilichobaki ni maji na makapi. Kiwanda kikiyamwaga mtoni, kwenye vitabu vyake hakuna gharama yoyote. Gharama ipo chini huko, kwa anayechota maji na anayetega samaki. Mwingereza Arthur Pigou alisema tangu 1920: mtoze mchafuzi kodi inayolingana na madhara yake, bei itasema kweli. Mwingereza mwingine, Ronald Coase, mwaka 1960 akasema ngoja kwanza. Kama haki inajulikana ni ya nani, na kukutana na kupatana hakuna gharama kubwa, wahusika wanaweza kumaliza wenyewe. "Nauli ya kwenda kupatana na mwenye kiwanda atanipa nani?" akauliza dada mmoja wa Pongwe. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kumjibu, umeme ukakatika.

Jenereta likawashwa uani. Ekzosi yake inaelekea moja kwa moja kwenye jiko la mama mmoja wa vitumbua, aliyepiga kambi pale miaka tisa kabla kituo hakijafunguliwa. Akaja dirishani, upawa mkononi: "Jamani mnanifukiza kama bi harusi, na huu si udi!" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akamwambia, "Karibu ndani, mama, somo ni lako."

Tukapiga hesabu mbele yake. Kila jenereta likiwaka wateja wanahama, anabaki na vitumbua kama 40 vya shilingi 200. Hiyo ni 8,000. Fundi wa kurefusha bomba hadi juu ya paa alitaka 45,000. Kwa kozi moja umeme hukatika Jumamosi kama nne, yaani hasara ya 32,000, kwa hiyo kwa mizani hiyo bomba halilipi. Nahodha akauliza, "Na kozi ijayo?" Kozi ni mbili kwa mwaka. Hasara ikawa 64,000 na bomba likashinda. Hesabu ile ile, ukibadilisha tu unatazama umbali gani.

Kisha mwalimu akalikoroga. Akasema kwa Coase, hata kama haki ya hewa ile ingekuwa ya kituo, bomba bado lingerefushwa, ila mama ndiye angelipa kituo. "Nilipe ili nivute pumzi?" Hapo hakuna aliyecheka tena. Akakiri kwamba anayelipa ni suala jingine, la haki, na hilo hesabu yake hailijibu. Mjukuu wa yule mama alikuwa mgongoni, akikohoa. Kifua chake hatukukiweka kwenye hesabu, na si kwa kusahau. Hatukujua tuandike shilingi ngapi.

Ndiyo maana lawama yangu kubwa si viti wala fotokopi. Elinor Ostrom, Mmarekani, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, aliyefuatilia jinsi watu wa maeneo mengi wanavyotunza misitu, maji na uvuvi wao kwa kanuni walizotunga wenyewe, aliachiwa dakika ishirini za mwisho za wiki ya sita. Dakika ishirini! "Tano tano" ya nahodha ilikuwa somo lake, na wiki tatu nzima halikutajwa jina lake. Mwenye kituo akiipanga upya, huyu aje mara tu baada ya kunde, na tufaha zirudi zilikotoka.

Ukienda, beba mto wa kukalia na elfu sita ya fotokopi. Nyota tatu na nusu. Kituo kimekubali kumlipa mama wa vitumbua 8,000 kila Jumamosi umeme ukikatika. Bomba wanasema kozi ijayo. Jumamosi iliyopita nilipita pale kununua vitumbua, umeme ulikuwa umekatika, na elfu nane alikuwa hajaiona.