Mtengeneza tovuti wa Makole na nyumba yetu ya wageni

Kwa mwenye biashara ndogo hapa Dodoma anayetafuta mtu wa kumtengenezea tovuti, huduma tuliyoipata kwa fundi mmoja mwenye ofisi Makole inastahili kusifiwa, na sifa yake kubwa haiko kwenye urembo wa kurasa bali kwenye swali ambalo wateja wengi hawaliulizi: tovuti inabaki kuwa ya nani fundi akishalipwa?

Tunaendesha nyumba ndogo ya wageni Area C. Wateja wetu ni watu wanaofuata shughuli za wizara, vikao vya Bunge, hasa lile la bajeti linaloanza Aprili hadi Juni, na wazazi wanaokuja kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, wapo wanaotafuta chumba wakiwa bado safarini, kwa simu na kwa bando dogo.

Mafundi wengine tuliozungumza nao walitaja bei moja ya jumla, na tulipouliza jina la tovuti litasajiliwa kwa nani, walitujibu kwamba hilo tuwaachie wao. Hapo ndipo biashara nyingi hunaswa, kwa sababu jina likiwa la fundi, siku mkikosana naye au akibadilisha namba ya simu, anwani mliyoichapisha kwenye bango na kwenye kadi inabaki mikononi mwake. Huyu wa Makole alitenganisha gharama katika ankara: usajili wa jina la .co.tz, ambao hulipiwa upya kila mwaka, nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na ufundi wake mwenyewe. Jina lilisajiliwa kwa biashara yetu na kwa barua pepe yetu. Siku ya makabidhiano alitutaka tubadilishe nywila zote mbele yake, kisha akajaribu kuingia kwa zile za zamani ili tuone kwa macho yetu kwamba zimekataa. Ametumia WordPress, programu huria inayojulikana na mafundi wengi, kwa hiyo hata asipokuwepo kazi inaweza kuendelezwa na mwingine.

Jambo la pili lililoturidhisha ni uzito wa kurasa. Picha za vyumba tulizompa zilikuwa na megabaiti kadhaa kila moja. Alizipunguza hadi chini ya kilobaiti 200, akafungua ukurasa kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka, na bei ya chumba ikaonekana kabla picha hazijamaliza kushuka. Namba yetu ukiigusa inapiga moja kwa moja. Maelekezo ya kutoka stesheni ya SGR yameandikwa kwa maneno, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka na dereva wa bajaji.

Kasoro zipo, na si ndogo. Maandishi ya Kiingereza yalichukuliwa kwenye kiolezo, yaani muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari, bila kusomwa, hata ukurasa wa vyumba ukamwahidi mgeni wa Dodoma matembezi ya ufukweni. Mteja angeuona huo kuwa utapeli, na ilitubidi tupitie kila aya. Fomu ya kuweka nafasi nayo ilidai namba ya kitambulisho, taarifa ambayo hatuihitaji kabla mgeni hajafika. Tulimkumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuwajibisha kwa kila tunachokusanya, akakiondoa kipengele hicho bila ubishi.

Kinachobaki kutusumbua ni kasi yake baada ya kulipwa: bei zilipobadilika wakati wa Bunge la bajeti, wageni waliendelea kusoma zile za zamani kwa siku kadhaa. Tumeendelea naye kwa mkataba wa matengenezo wa mwaka mmoja, ila tumeongeza vipengele viwili: marekebisho ya bei yafanyike ndani ya saa 24, na nakala ya akiba ya tovuti nzima iletwe kwetu kila mwezi.