QCX-mini baada ya miaka miwili: kiredio cha wati 5 kinachonifanya nifurahi umeme ukikatika

Nianze kwa kukiri. Hapa kwetu Ngamiani, Tanga, umeme ukikatika mtaa mzima unaguna, mi natabasamu. Mama Salma alishanizoea, ananiambia "haya baba Salma, kitu chako hicho kinakuita", na mi nabeba betri ya pikipiki, kiredio na hedifoni naenda kukaa uani chini ya mwembe. Maana taa za LED za bei chee, chaja za simu na ving'amuzi vya mtaa mzima vikizimika, ule mlio wa zzzzz kwenye masafa unakatika kama mtu kafunga bomba, ndo hapo unasikia Wataliano wanagonga Morse, ile lugha ya ti-ti-ta, Warusi wanagonga, mtu wa Afrika Kusini kaja na nguvu kama yuko Muheza.

Kiredio chenyewe ni QCX-mini ya kampuni ya QRP Labs, nimekaa nacho miaka miwili na ushee sasa, na nimeona niandike kwasababu kabla sijanunua nilitafuta mtu ameandika kwa Kiswahili sikupata hata mstari mmoja.

Kwa asiyejua, hii ni redio ya ridhaa, ya watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi tu bila kulipwa. Kwa kizungu tunaitwa ham, siyo hamu, ingawa hamu ndo iliyotufikisha hapa. Unatakiwa uwe na leseni, kwetu inatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na jina lako hewani linaanza na 5H, Kenya wao wana 5Z. Sasa ndani ya huo uchizi kuna uchizi mwingine unaitwa QRP, yaani watu wanaorusha kwa nguvu ndogo makusudi, kwa Morse ni wati 5 kushuka chini. Wati 5! Taa ya chooni inakula zaidi.

Watu huwa wanacheka hapo ila hesabu yake siyo mbaya kivile. Mwenye wati 100 ananizidi desibeli 13 (desibeli ni kipimo cha tofauti ya nguvu), na alama moja ya S kwenye mita ya redio inahesabiwa desibeli 6, kwahiyo yeye akisikika S7 mi nasikika kwenye S5. Nimepungua alama mbili tu, wala sijapotea. Na Morse inajibana kwenye kijinafasi chembamba sana cha masafa, wati 5 zote ziko pale pale, siyo kama sauti ya mtu inayotawanyika.

Haya turudi kwenye bidhaa. QCX ya kwanza ilitoka 2017, hii mini ikatoka mwisho wa 2020. Aliyeibuni ni Hans Summers, hewani ni G0UPL. Mimi nilinunua dola 55 kwa vifaa na dola 20 kwa boksi lake la aluminiamu jeusi, na usiseme boksi utatengeneza mwenyewe, lipia tu, mi ningejuta. Ukijumlisha na usafiri ilinitoka laki mbili na kitu. Mzigo ulilala wiki tatu kwenye ofisi moja ambayo siitaji, kila nikienda naulizwa "hii ni nini", nasema redio, "redio gani haina spika?", nasema ya Morse, mtu anaangaliana na mwenzie. Siku ya mwisho nikabeba leseni yangu na simu nikawachezea sauti ya ti-ti-ta, wakacheka wakanipa mzigo. Nendeni na leseni mkononi jamani.

Inakuja kama kiti, siyo ya kukalia, unaunga mwenyewe. Vile vidude vidogo vya juu ya bodi vishachomelewa kiwandani, wewe unabaki na kapasita kubwa kubwa, soketi, skrini, transista na toroidi, yaani zile pete unazozungushia waya wa shaba. Mi ni fundi simu, pasi ya risasi nashika kila siku, nikasema hii kazi ya jioni moja. Ikawa jioni tatu. Kuna pete moja inaitwa T1 imetesa watu dunia nzima, ina misuko minne kwenye pete moja, mmoja mrefu na mitatu mifupi, na yote lazima izunguke upande mmoja. Nikaisuka vizuri, nikachomelea, nikawasha, kimya. Kimya cha kaburi. Nikaifumua nikidhani nimegeuza msuko, kumbe shida ilikua rangi. Ule waya una rangi ya kuzuia umeme, usipoichoma au kuikwangua yote risasi inakaa juu juu inang'aa vizuri kabisa ila umeme haupiti. Pima kila mwisho wa waya kwa mita kabla hujafunga bodi, maana bodi zenyewe zinalaliana kama sandwichi na ukishaunganisha kuzifumua ni machozi. Nilivyomaliza waya wao kwa kurudia rudia nilienda kwa fundi anayesuka mota barabara ya jirani akanikatia mita mbili bure, akauliza ni feni ya nini, nikamwambia ya redio, mpaka leo anadhani namtania.

Kitabu cha maelekezo ni kirefu ila kimeandikwa na mtu anayejali, picha kila hatua, kipande hiki kinaingia hapa, hiki usiweke bado. Na kitu kilichonivua kofia: redio inajipima yenyewe. Ina mashine ndogo ndani inatoa mlio wa majaribio, skrini inakuonyesha mstari unapanda unashuka, wewe unazungusha bisibisi mpaka mstari ufike pazuri. Sina osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, simjui mwenye nayo Tanga nzima, na redio ikakaa sawa.

Kwenye matumizi sasa. Ukubwa wake unazidi kidogo tu pakti moja ya sigara. Mbele ina skrini ya mistari miwili, nobu ya sauti, nobu ya masafa, vitufe viwili, basi. Inachukua bendi moja tu, yaani fungu moja la masafa, unachagua wakati wa kuagiza, mi nilichukua mita 20. Kuna walionishauri mita 40 ila nikawaza, wa kugonga nae Morse hapa karibu nitampata wapi? Mita 20 kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili tatu usiku inafungua Ulaya vizuri mno kutoka huku pwani. Ubaya wake bendi ikilala imelala, hugeuzi nobu ukahamia nyingine, unakunja waya unarudi ndani kula.

Kupokea kwake ndo kitu ambacho ningelipia tena. Nilianza na kile kibodi cha Kichina kinaitwa Pixie, cha bei ya chips mayai, kina masafa mamoja tu na usiku stesheni za dini na za habari zinaingia zote kwa mpigo, unasikia Morse ndani ya taarabu ndani ya mahubiri. QCX ina chujio la hetzi 200, yaani inaziba kila kitu inabakiza kamlango kembamba na yule unayemtaka kasimama mlangoni. Kelele ya nyuma ni ndogo mpaka mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuunga tena. Ila tahadhari, haina kile kitu cha kushusha sauti yenyewe mtu wa nguvu akitokea, kibodi chake kinauzwa pembeni. Nilikua namsikiliza mtu wa mbali sana, sauti nimepandisha mwisho, akatokea mwingine wa karibu kwenye masafa yale yale na mitambo yake ya nguvu, nilirusha hedifoni nikamwaga chai. Hicho kibodi nilikuja kukinunua.

Kurusha: transista tatu ndogo za BS170, za saizi ya punje ya hindi, zimebanwa kwenye bodi kwa skrubu moja na washa yake, ndo zinatoa wati 5. Kwa betri yangu ya volti 12 napata kama 4 hivi, sioni tofauti. Muundo wake ni wa daraja E, transista zinafunga na kufungua kama swichi, kwahiyo umeme mwingi unaenda kwenye antena badala ya kuwa joto, ukigonga dakika kumi boksi linakua vuguvugu tu. Kwenye kusikiliza inakula chini ya miliampia 100, betri ya bodaboda inakaa wikiendi nzima na bado mwenye pikipiki anaiwashia pikipiki yake Jumatatu asubuhi (niliahidi kutosema ni pikipiki ya nani).

Ila hizo transista ni laini. Antena yangu ni dipoli, waya mita 5 na kidogo kila upande, kamba imerushwa juu ya mwembe. Siku moja kunguru, hawa wetu wa pwani wasiokua na adabu, walikaa wakavuta wakakata mguu mmoja wa waya mi sijaona, nikaendelea kugonga, nguvu inarudi badala ya kwenda, nikanusa. Zimeungua mbili. BS170 kwa maduka ya huku hamna, jamaa wa Kariakoo akanipa 2N7000 akisema ni ndugu yake, ni ndugu kweli ila mdogo, zikashika nguvu ikapungua, nikasubiri mwezi na nusu mpaka pakti ikafika. Ukiagiza redio agiza na BS170 kumi za akiba siku hiyo hiyo, ni senti tu.

Menyu zake zinachosha. Ziko nyingi, na vitufe viwili unabonyeza kidogo kitu kingine, unabonyeza muda mrefu kitu kingine, unabonyeza mara mbili kingine tena. Nina karatasi nimegundisha nyuma ya boksi kwa selotepu mpaka leo. Na ile dekoda ya kusoma Morse kwenye skrini msiitegemee, mtu akigonga kama mashine inasoma, akigonga kama binadamu inaandika E E T E I T. Jifunzeni kwa masikio, mi ilinichukua miezi saba kwa programu ya simu, dakika kumi na tano kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda.

Kuna kitu nakipenda ndani yake kinaitwa WSPR. Redio yenyewe bila kompyuta inarusha kila baada ya muda ujumbe wa kama dakika mbili, jina lako, mahali ulipo (Tanga ni KI94) na nguvu unayotumia, alafu wenye vipokezi duniani wanaoisikia majina yao yanatokea mtandaoni. Niliiacha ikirusha magharibi moja nikaenda kuswali, narudi naangalia simu, nimesikika Ujerumani, zaidi ya kilomita elfu sita, na kisiwa cha Reunion. Kwa betri ya bodaboda!

Na kabla hujalaumu redio yako, geuza masafa mpaka megahetzi 14.100. Pale kuna vinara 18 vya kimataifa, yaani stesheni zinazorusha alama za majaribio tu, vinapokezana, kila kimoja sekunde kumi, duru ni dakika 3. Cha Kenya ni 5Z4B. Uzuri wake kila kinara kinaanza na wati 100, alafu mlio wa 10, wa 1, na wa mwisho ni sehemu ya kumi ya wati. Siku nikisikia mlio wa tatu kutoka Finland najua leo wati zangu 4 zinatosha na chenji inabaki.

Majirani je? Mwanzoni mjumbe alikuja. Shikamoo mzee, marahaba, ule waya wa nini? Nikamuonyesha leseni, akaitazama muda mrefu, akaomba asikilize. Akavaa hedifoni akakaa kimya, alafu akasema "hii mbona ni simu ya reli?" Kumbe baba yake alikua stesheni masta, yeye kakua anasikia ti-ti-ta usiku kucha kwenye nyumba za reli. Herufi hazijui hata moja ila mkono wa mtu aliyechoka anaujua, kuna Mbulgaria alikua anagonga akaniambia "huyu kachoka huyu, anataka kulala". Dakika mbili baadae jamaa akagonga 73, yaani salamu njema za kuagana, kazima.

Na niwaambie siri ya sisi wa huku, herufi 5H zenyewe ni nguvu ya ziada. Stesheni za Morse kutoka Tanzania ni chache kwahiyo ukiita mara moja Ulaya wanakurukia kama umemwaga mtama kwenye kuku, mi na wati zangu 4 natoka jasho kuchagua nimjibu nani. Huko kwao mwenye QRP anabembeleza asikike.

Nani anunue: anayependa kuunga vitu na yuko tayari kujifunza Morse. Nani asinunue: anayetaka kuongea kwa mdomo, haina maiki na haitakua nayo, huyo aangalie (tr)uSDX. Anayetaka bendi nyingi na mambo ya kompyuta aangalie ndugu yake QMX, ni ghali zaidi. Mimi naipa nne na nusu kwa tano, ile nusu nimekata kwa ajili ya menyu, na T1 nimeisamehe.

Nimeagiza nyingine ya mita 40 kwa ajili ya usiku wa manane. Mama Salma hajui bado, anadhani ile pakti inayokuja ni skrini za simu.