TP-Link TL-WR841N: ruta ya bei nafuu unayoweza kuifufua mwenyewe

Ruta hii ya antena mbili ndiyo tunayotumia nyumbani Tabata, na mpwa wangu anaitumia kwa masomo yake ya chuo. Haina masafa ya 5 GHz, na matundu yake yanaishia Mbps 100, kwa hiyo mwenye kifurushi kikubwa atafute nyingine. Sisi wa Mbps 20 inatutosha kabisa.

Ninachoipendea ni kwamba mtandao ukigoma, inakuonyesha pa kuanzia. Taa ya intaneti ikiwa ya kijani, mambo shwari. Ikiwa ya rangi ya chungwa, waya umechomekwa ila intaneti haifiki. Hapo usikimbilie kuiriseti! Chungulia kwanza kile kiboksi cha faiba kinacholeta intaneti kwenye ruta: taa ya LOS ikiwa nyekundu, tatizo liko kwenye faiba yenyewe, piga simu kwa kampuni ya intaneti. Kama LOS imezima, chomoa vyote viwili kwenye umeme, subiri kidogo, washa kiboksi, na taa zake zikitulia ndipo uwashe ruta. Kwetu, siku umeme ukikatika-katika, mara nyingi hilo linatosha.

Kuriseti ni habari nyingine. Kitufe cha WPS/RESET kiko nyuma: ukikibonyeza mara moja ukaachia, ni WPS, yaani kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, ukikishikilia sekunde kumi hivi, ruta inarudi ilivyotoka kiwandani. Jina la waifai na nywila vinakuwa vile vya kwenye lebo chini yake. Na zile taarifa za PPPoE, yaani jina na nywila za kuingilia intaneti ulizopewa na kampuni, zinafutika, na bila hizo hupati kitu. Fundi aliyetufungia alizijaza mwenyewe akaenda zake. Nyinyi mdai aziandike kwenye karatasi kabla hajaondoka.

Halafu, ruta ikiwa bado inafanya kazi vizuri, ingia tplinkwifi.net kwenye kivinjari, fungua System Tools, kisha Backup & Restore, uhifadhi faili la mipangilio ya ruta kwenye kompyuta. Mpwa wangu alipokishikilia kile kitufe akitaka kuunganisha printa, nilichomeka laptopu kwa waya kwenye tundu la LAN (la kuunganishia kompyuta), nikapakia faili hilo, ruta ikajiwasha upya na simu zote zikajiunga zenyewe kwa nywila yetu ya zamani. Hatukumwita fundi.

Mkinunua iliyotumika, someni volti kwenye lebo yake na kwenye adapta. Adapta za ving'amuzi zinaingia vizuri tu kwenye tundu, lakini nyingi ni za volti 12, na zinaweza kuiunguza.