Mafundi wa fensi wa Kibamba: nyota 4, wanajenga kwa kufuata mpaka kweli

Namba ya hawa jamaa nilipewa duka la hardware, nikajua ni wale wale wa kuja na futi na sururu waanze kuchimba. Wapi! Swali la kwanza, kibali cha ujenzi kipo? Ramani ya kiwanja? Bikoni, yale mawe ya alama za mpaka, ziko wapi? Bikoni mbili zilikuwa zimefukiwa, wakasema tafuta mpima ardhi azifufue kwanza, sisi hatuchimbi kwa kukisia. Hela ya mpima inauma jamani, ila ukiishi huku Morogoro Road huwezi kubishana na fundi wa hivyo, si tuliona bomoabomoa ya 2017 Kimara mpaka Kiluvya, hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, wakati barabara kuu zingine kwa sheria ya 2007 ni mita 30 kutoka katikati, X nyekundu ya kubomolewa haikuchagua kibanda wala ghorofa.

Siku ya kuvuta kamba wakataka jirani awepo na mjumbe pia. Hapo ndo fundi mkuu akanikosha, akasema msingi ni mpana kuliko ukuta, sasa ukilaza tofali juu ya mstari wenyewe wa mpaka zege lako linakuwa limelala kwa jirani, siku akichimba choo au akijenga banda ndo ugomvi unaanza. Kwa hiyo wakasogea ndani mpaka msingi wote ukawa kwangu, jirani mwenyewe akawa anaangalia kamba na kutikisa kichwa ameridhika. Geti wakaliweka lifunguke kwa ndani, sio unafungua unampiga bodaboda. Na upande wa mteremko wakaacha matundu ya maji kule chini, masika imepita ukuta haujapata hata ufa.

Sasa mabaya yao. Bei waliyotaja mwanzo haikuwa na usafiri wa mchanga, hiyo utaijua lori likishafika getini. Lipu ya upande wa nyuma ina mawimbi, ukipitisha mkono unayasikia kabisa. Halafu fundi mkuu ukishamlipa yote simu inaita tu, nguzo za geti hadi leo hazina kofia. Ukiwachukua, na mimi nasema wachukue, bakiza hela ya finishing mkononi mpaka kofia zikae juu.