Sherlock Holmes kwa Kifaransa: kabla ya kulipa, hesabu hadithi 12

Ukiulizia Les Aventures de Sherlock Holmes kwa wauzaji wanaotandika vitabu chini, kando ya barabara za Lubumbashi, utaletewa majalada ya kila namna, na yaliyomo si sawa. Kitabu kamili cha Arthur Conan Doyle, kilichotoka London mwaka 1892, kina hadithi 12. Kwanza zilichapishwa moja moja kila mwezi katika jarida la Strand Magazine, kuanzia Julai 1891 hadi Juni 1892. Basi fungua orodha ya yaliyomo kabla hamjapatana bei. Ya kwanza iwe Un scandale en Bohême, ya mwisho Les Hêtres rouges. Ukikuta 5 au 6, hicho ni kipande tu.

Mtego mbaya zaidi ni nakala zilizofupishwa kwa ajili ya shule: hadithi zipo, nyama imeondolewa. Kipimo chake ni hadithi ya L'Escarboucle bleue, pale mpelelezi Holmes anapoishika kofia kuukuu ya mtu asiyemjua. Vumbi lake si lile la kijivu la barabarani, lenye mchanga. Ni vumbi laini la kahawia, la ndani ya nyumba. Kwa hiyo kofia imetundikwa ukutani siku nyingi bila kuvaliwa. Ina madoa ya mshumaa, tena si moja wala mawili, ni 5: nyumbani kwa mwenyewe hakuna taa ya gesi. Msomaji wa hapa, anayelijua vumbi jekundu la kiangazi na mshumaa unaowashwa umeme ukikatika, atamwelewa Holmes mara moja. Kama madoa hayo hayamo, rudisha kitabu, maana utamu wote uko kwenye vitu vidogo kama hivyo. (Hoja yake kwamba kichwa kikubwa ni dalili ya akili nyingi ni imani ya zama zile, na si kweli.)

Hadithi iliyosukwa vizuri kuliko zote ni La Ligue des rouquins, yaani chama cha wenye nywele nyekundu. Jabez Wilson, mkopeshaji kwa rehani mwenye nywele nyekundu, analipwa pauni 4 kwa wiki anakili kamusi elezo ya Encyclopædia Britannica kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na haruhusiwi kutoka. Zingatia saa hizo, kisha zingatia magoti ya suruali ya msaidizi wake wa dukani. Kila kitu kimewekwa mbele ya macho yako, na bado utapitwa. Kosa lipo, nalo ni la mwandishi mwenyewe: tangazo la kazi ni la 27 Aprili 1890, chama kinavunjwa 9 Oktoba, lakini Wilson amepokea pauni 32 tu, yaani malipo ya wiki 8.

Un aristocrate célibataire ni nyepesi. Le Pouce de l'ingénieur inatisha kweli, ila Holmes hana kazi kubwa humo. Anza na Wilson, fuata kofia, halafu La Bande mouchetée, ambayo wafasiri wengine huiita Le Ruban moucheté. Ni hadithi ileile, usiinunue mara mbili. Hiyo usiitazame michoro yake kabla ya kuisoma.

Kagua na gundi ya mgongo. Vitabu vinavyoshinda juani gundi yake hukauka, na karatasi za mwisho ndizo hudondoka upesi, pamoja na jibu la fumbo. Kifungue katikati taratibu. Kikilia kama kijiti kinachovunjika, kiache.

Kwa simu ni rahisi zaidi. Doyle alifariki mwaka 1930, hakimiliki yake imekwisha, na tafsiri za zamani zinapatikana bure kwenye intaneti. Faili ya maandishi matupu haifiki megabaiti 1. Kifaransa cha tafsiri hizo kimejaa passé simple, wakati uliopita unaotumika zaidi vitabuni kuliko katika mazungumzo, kwa hiyo mwanafunzi aweke kamusi karibu kwa hadithi mbili za mwanzo.