Stabilaiza ya kuunda gereji kwenye Defender: inafaa au inaua gari?

Karibuni tena, watazamaji. Hii hapa mezani ni stabilaiza ya nyuma, yaani nondo ya kuzuia gari lisilale upande kwenye kona, iliyoundwa gereji, ya Land Rover Defender iliyonyanyuliwa springi. Nondo yenyewe ni tosheni baa (nondo inayofanya kazi ya springi kwa kusokotwa) ya pikapu iliyotoka skrepa, unene milimita 22. Hicho ni chuma cha springi. Ukiweka nondo ya kawaida ya ujenzi, kona mbili tatu imeshapinda na hairudi.

Sogeeni muone mwisho wake. Una meno, na mkono umevishwa kwa kishikio chenye meno cha pikapu ileile. Mkono ni bamba la milimita 10 lililochomelewa kwenye kishikio. Nondo haijaguswa na weldi hata tone, maana joto huua ukakamavu wa springi, kisha inakatikia palepale.

Dosari ipo. Tosheni baa huandaliwa kiwandani isokotwe upande mmoja tu. Hapa inasokotwa kushoto na kulia, kwa hiyo itachoka mapema. Kila sevisi kagua nyufa kwenye mashina ya meno.

Na msishawishike na nondo nene! Kutoka milimita 22 kwenda 25, ugumu unapanda kama theluthi mbili nzima. Nyuma ikikaza hivyo, kwenye kona ya changarawe tako linatoroka. Ndiyo maana nimeupenda mkono huu wenye matundu matatu: milimita 250, 275 na 300 kutoka katikati ya nondo. La 300 ni laini kuliko la 250 kwa karibu asilimia 30. Anzeni na hilo.

Kufunga sasa. Gari likae tambarare juu ya matairi yake, dereva ndani, mkono na linki (kifimbo kinachounganisha mkono na ekseli) vikutane kwa nyuzi 90. Zungusha linki kuirefusha au kuifupisha mpaka boliti ya M12 iingie kwa vidole. Ukiigonga kwa nyundo, gari litalala upande mmoja.

Kisha toa springi, pandisha ekseli mpaka juu, ishushe mpaka mwisho. Huko chini ndiko kwenye balaa: mkono na linki vikinyooka mstari mmoja, mkono hupinduka na kukwama. Urefushe mkono, au funga mkanda wa kuzuia ekseli isishuke mno. Ukiwa hapohapo, tazama kama mkono unagusa egzosi au paipu ya breki. Nati ziwe za kujifunga, na baada ya kilomita 100 zikazwe upya.

Kwenye mawe makubwa, chomoa linki za pande zote mbili na uifunge mikono juu kwenye chasi.